Kalori za Mazoezi: Zirudi Sahanini au Zisirudi?

Najua ukurasa huu umekuwa kimya kwa majuma kadhaa. Sijapotea. Mchana naandika programu za kunilipia kodi ya nyumba, na usiku naandika nyingine ambazo hakuna anayenilipa hata senti. Leo nataka tuzungumzie moja ya hizo za usiku, kwa sababu imenikwamisha kwenye mstari mmoja tu wa msimbo, na mstari wenyewe hauna uhusiano mkubwa na tarakilishi. Unahusu chapati.

Nianze na chanzo chake. Mama yangu anaishi Nakuru, ana miaka 58. Mapema mwaka huu daktari alimwambia kwamba sukari yake imepanda kupita kawaida, ingawa haijafika kiwango cha kuitwa kisukari. Akamshauri apunguze uzito na atembee kila siku. Ushauri huo una msingi. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari uliofanywa Marekani. Watu waliopewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, uwezekano wao wa kupata ugonjwa huo ulishuka kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya metformin ulishuka kwa asilimia 31. Mama ana kilo 84. Asilimia 7 yake ni karibu kilo 6. Kilo 6 tu, na huenda zikamwepusha na vidonge vya maisha yote!

Mimi nami nina kilo 92 kwa urefu wa sentimita 174, na kazi yangu kama mjuavyo ni ya kukalia kiti. Nikaona si haki kumtuma mama barabarani peke yake, tukakubaliana tushuke pamoja. Binamu yangu wa Eldoret, ambaye hukimbia mbio ndefu, akasema naye ataingia (habari zake nitazieleza baadaye, na ameniruhusu kuzieleza). Programu nyingi za rununu nilizojaribu zinajua vyakula vya Marekani kuliko zinavyojua githeri, kwa hivyo nikaamua kuandika yangu ndogo. Chakula kinaingia, mazoezi yanaingia, bajeti ya siku inatoka. Kazi ya wikendi mbili, nilidhani.

Basi nikafika hapa:

bajeti_iliyobaki = lengo - chakula + mazoezi

Tazameni hiyo alama ya kujumlisha. Ina maana kwamba ukitembea ukachoma kalori 200, programu inakurudishia kalori 200 za kula. Ukiiondoa, kutembea hakukupi ruhusa ya kula chochote zaidi. Herufi chache tu. Kabla sijaamua, mama akanipigia simu jioni moja na kuniuliza swali lile lile kwa lugha yake: "Mwanangu, leo nimetembea dakika 45. Chapati ya pili ni halali au si halali?"

Ukiuliza watu utapata kambi mbili, na kila kambi ina uhakika kama wa mashabiki wa Gor Mahia. Kambi ya kwanza inasema kula, umezifanyia kazi. Kambi ya pili inasema ukizila umetembea bure. Nilisoma sana kabla ya kumjibu mama, na nilichokiona ni kwamba kambi zote mbili zinasahau kuuliza swali moja la mwanzo: hilo lengo lako lilitoka wapi?

Hebu tuliangalie hilo swali. (Nikisema kalori hapa nasema ile ya vyakula, yaani kilokalori.) Programu nyingi huanza na kanuni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990, ambayo hukadiria nishati mwili unayotumia ukiwa umepumzika tu: moyo kupiga, mapafu kupumua, ubongo kufikiri. Kwa mwanamume ni hivi: kilo mara 10, ongeza sentimita mara 6.25, toa umri mara 5, ongeza 5. Kwa mwanamke mwisho unatoa 161 badala ya kuongeza 5. Mimi, kwa miaka yangu 28, napata karibu 1,870.

Baada ya hapo njia zinagawanyika. Programu nyingine zinakuuliza maisha yako ya kawaida yakoje bila mazoezi, zinakupa lengo, halafu kila zoezi unaliandika pembeni na linaongezwa kwenye bajeti. MyFitnessPal, iliyoanzishwa mwaka 2005, inatumia njia hii. Vikokotoo vingine vinakuuliza unafanya mazoezi siku ngapi kwa wiki, halafu vinazidisha ile namba ya kupumzika: mara 1.2 kwa anayekaa tu, mara 1.375 kwa mwenye mazoezi mepesi, mara 1.55 kwa mwenye mazoezi ya wastani, na kuendelea. Katika njia hii ya pili mazoezi yameshaingizwa ndani ya lengo tangu asubuhi ya siku ya kwanza. Hayaonekani, lakini yamo.

Mmeona tatizo linapoingia? Chukueni mtu kama mimi anayekaa ofisini na kutembea saa moja jioni. Anaenda kwenye kikokotoo, anabofya "mazoezi ya wastani" (nani anapenda kujiita mvivu?), anapata 2,900, anatoa 500 ili apungue, anabaki na 2,400. Namba hiyo anaibeba hadi kwenye programu ya simu inayoongeza mazoezi, nayo inamwongezea 400 za matembezi. Sasa ana 2,800. Ukihesabu kwa mkono, kukaa kwake ni kama 2,250 na matembezi yanaongeza kama 300 halisi, jumla 2,550. Mtu huyu anafuata bajeti kwa uaminifu wote, hapitishi hata kalori moja, na bado anakula 250 zaidi ya anazotumia kila siku. Baada ya miezi miwili suruali inambana na anaanza kusema mwili wake umerogwa. Kumbe zoezi moja limehesabiwa mara mbili. Sisi waandishi wa programu tunaijua hitilafu hii vizuri. Ni kama mfumo wa benki unaoingiza muamala mmoja mara mbili, ila hapa hakuna mteja wa kupiga kelele kwa sababu hitilafu inampendeza.

Kwa hivyo jibu la kwanza ni hili. Kama lengo lako limeshabeba mazoezi ndani yake, usizile kalori hizo. Ulishazila. Kama lengo lako limetengenezwa bila mazoezi, basi swali bado liko wazi, na tuendelee.

Tuseme liko wazi. Je, ile 400 ambayo saa ya mkononi inakuonyesha ni 400 kweli?

Nilipoanza kuandika sehemu hii ya programu nilitumia jedwali la MET, ambalo wataalamu wakiongozwa na Barbara Ainsworth walilichapisha mara ya kwanza mwaka 1993 na wamekuwa wakiliboresha hadi toleo la 2024. MET 1 ni kukaa kimya, na ni takriban kalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Mwendo kama wa mama, kilomita 4.8 hivi kwa saa, ni MET 3.5 katika toleo la 2011. Hesabu ni rahisi: 3.5 mara kilo 84 mara robo tatu ya saa, unapata karibu 220. Namba hiyo ndiyo rununu ya mama ilimwonyesha, karibu sawasawa.

Lakini ndani ya hiyo 3.5 kuna 1 ambayo mama angeitumia hata kama angekaa kwenye kochi akitazama taarifa ya habari. Na hiyo 1 imeshahesabiwa kwenye lengo lake la siku. Ukitaka kujua matembezi yameongeza nini, inabidi utoe 1 kwanza: 2.5 mara 84 mara robo tatu. Karibu 158. Zaidi ya robo ya namba ile imeyeyuka, na hatujaanza hata kulaumu vihisio vya saa.

Vihisio navyo vina yao. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha jaribio la vifaa 7 vya kuvaa mkononi, wakiwapima watu 60 wakitembea, wakikimbia na kuendesha baiskeli. Mapigo ya moyo vifaa vingi viliyapima vizuri sana. Kalori zikawashinda. Kifaa kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na cha mwisho asilimia 93. Vifaa vimebadilika tangu wakati huo, lakini tatizo la msingi ni lile lile: saa haioni nishati, inaona mapigo na mitikisiko ya mkono, halafu inakisia.

Halafu kuna jambo la tatu, ambalo kwangu ndilo la kushangaza zaidi, na limetoka hapa jirani. Kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wanaishi Wahadzabe ambao baadhi yao bado wanawinda na kuchimba mizizi. Mtafiti wa Marekani anayeitwa Herman Pontzer na wenzake walitaka kujua watu hawa wanatumia nishati kiasi gani kwa siku. Wanaume wao hutembea kama kilomita 11 kila siku, wanawake karibu 6. Walipimwa kwa njia inayoaminika kuliko zote: unakunywa maji yenye hidrojeni na oksijeni za aina nzito, kisha mkojo wako unapimwa kwa siku kadhaa kuona zinavyotoka mwilini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Ukilinganisha watu wa umbo sawa, Wahadzabe hawakutumia nishati zaidi ya watu wa Marekani na Ulaya, wakiwemo wanaokaa ofisini siku nzima kama mimi!

Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili una bajeti yake, na ukitumia zaidi kwenye miguu, unabana matumizi kwingine. Si wanasayansi wote wanaokubali kwamba ubanaji huo ni mkubwa kiasi hicho, na mjadala bado unaendelea. Lakini mwaka 2021 kundi kubwa la watafiti lilichambua vipimo vya watu 1,754 na kuona kwamba kwa wastani mwili unafidia asilimia 28. Yaani ukichoma 100 kwa shughuli, matumizi yako ya siku yanapanda kwa 72 hivi. Na watu wenye mafuta mengi mwilini walionekana kufidia zaidi.

Turudi kwa mama. Rununu ilisema 220. Ukitoa za kukaa, 158. Ukiziweka kwenye wastani huo wa fidia, karibu 114. Sasa tupime chapati. Gramu 60 za unga wa ngano ni kama kalori 215, na mafuta gramu 10 ni 90. Chapati moja ya kawaida ni kama 300, na zile za mama yangu, kwa jinsi anavyozipaka mafuta, sitaki hata kuzihesabu. Dakika 45 za jua la Nakuru zinanunua kitu kati ya theluthi moja na nusu ya chapati.

Na hatujagusa kijiko. Mwaka 1992, Steven Lichtman na wenzake mjini New York walichunguza watu waliokuwa wakisema wanakula kidogo lakini hawapungui. Walichokula hasa kilipopimwa, ilionekana wanaandika karibu nusu tu ya chakula chao, na mazoezi yao wanayaongeza kwa karibu nusu. Hawakuwa waongo. Binadamu tuko hivyo: kijiko cha mafuta tunakisahau, ngazi tulizopanda tunazikumbuka. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na saa inayokupongeza kwa fataki kila jioni nadhani inafanya kazi hiyo hiyo.

Mpaka hapo msomaji anaweza kusema, sawa, jibu limepatikana, futa alama ya kujumlisha twende zetu kulala. Ningekuwa nafanya programu kwa ajili ya mama na mimi tu, ningeifuta. Lakini kuna yule binamu.

Binamu yangu ana miaka 24, kilo 55, sentimita 163. Uzito huo hauna kasoro yoyote. Alitaka kufika 50 kwa sababu aliambiwa mkimbiaji mwepesi huenda kasi. Mwaka jana alikuwa akitumia programu fulani ya simu iliyompa bajeti ya kalori 1,200, na mkufunzi wake wa mazoezi akamwambia kwa mkazo: kalori za mazoezi usiziguse. Akatii. Anakimbia kilomita 10 kila asubuhi, na kukimbia hugharimu takriban kalori 1 kwa kila kilo kwa kila kilomita, kwa hivyo 550 zinakwenda kabla ya chai. Fanyeni hesabu: 1,200 toa 550, zinabaki 650 za kuendesha mwili mzima. Mwili wake ukilala tu kitandani unahitaji karibu 1,290.

Miezi ya kwanza alipungua na kila mtu akamsifu. Halafu kasi ikashuka badala ya kupanda. Akawa anahisi baridi mchana. Hedhi ikakatika kwa miezi mitano, naye akadhani ni kawaida ya wakimbiaji. Kilichompeleka hospitali ni maumivu ya mfupa wa mguu ambayo hayakuisha, na huko wakakuta mfupa umeanza kupasuka. Mbio za sakafuni zikaishia ukingoni. Alikaa bila kukimbia karibu msimu mzima.

Hali hiyo ina jina. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la wataalamu kuhusu upungufu wa nishati kwa wanamichezo, likieleza jinsi unavyogusa homoni, mifupa, kinga ya mwili, moyo na akili, kwa wanawake na kwa wanaume pia. Kipimo kinachotumika sana ni hiki: chukua ulichokula, toa ulichotumia mazoezini, gawanya kwa kilo za mwili zisizo mafuta. Kwa wanawake, chini ya 30 ni eneo la hatari. Tukikadiria binamu ana kilo 42 zisizo mafuta, alikuwa anaishi kwenye 15.

Linganisheni na wakimbiaji wenyewe wa Bonde la Ufa. Vincent Onywera na wenzake walichapisha mwaka 2004 utafiti wa wakimbiaji 10 Wakenya wa kiwango cha juu, wakipima kila kilichoingia sahanini kwa wiki nzima. Walikuwa wanakula karibu kalori 3,000 kwa siku, zaidi ya robo tatu yake ikiwa ni wanga: ugali, wali, viazi, chai ya maziwa yenye sukari. Hata hivyo matumizi yao yalikadiriwa kuwa juu zaidi ya hapo. Watu wembamba kuliko sisi sote, na hakuna aliyewaambia wasile kalori za mazoezi.

Kwa hiyo mstari ule ule wa msimbo unamdhuru mama ukiuweka na unamdhuru binamu ukiuondoa. Ndiyo maana siku hizi nikiona programu ya afya, kitu cha kwanza ninachotafuta ni chaguo-msingi lake. Watu wengi hawaingii kamwe kwenye ukurasa wa mipangilio. Anachokiweka mwandishi wa programu saa sita usiku, amechoka, ndicho watakachokula maelfu ya watu. Tusijidanganye kwamba huo ni uamuzi wa kiufundi.

Haya, niliandika nini mwishowe? Mambo manne.

Kwanza, programu inauliza kabla ya chochote: lengo hili limebeba mazoezi au halijabeba? Kama limebeba, sehemu ya kuongeza mazoezi inajifunga yenyewe. Huwezi kuhesabu mara mbili hata ukitaka.

Pili, kama halijabeba, inatoa ile MET 1 ya kukaa, halafu inarudisha nusu tu:

ziada = (met - 1) * kilo * saa * 0.5

Hiyo nusu si namba takatifu. Inajumlisha fidia ya mwili, makosa ya kukadiria na vijiko vilivyosahauliwa. Wengine wangeweka 0.6, sitagombana nao.

Tatu, inapiga ile hesabu ya binamu kila siku, na ikiona imeshuka chini ya 30 kwa siku kadhaa mfululizo, nusu inaondoka, kalori zote za mazoezi zinarudi, na kinatokea kisanduku kinachosema kula, na kama hedhi imekatika au mfupa unauma nenda hospitali. Kwa mtu anayekimbia saa moja au zaidi kila siku kwa bajeti ndogo, jibu la swali letu ni ndiyo, zile, zote, na ikiwezekana punguza hiyo nakisi yenyewe.

Nne, mizani ndiyo hakimu. Hapa nilimwiga John Walker, mmoja wa waanzilishi wa Autodesk, ambaye mwaka 1991 aliandika kitabu The Hacker's Diet akiutazama mwili wake kama mhandisi anavyotazama mfumo wenye mrejesho. Uzito wa siku moja hauaminiki. Ugali wa jana usiku, chumvi, maji, vyote vinaweza kuusogeza kilo moja au mbili. Basi kila asubuhi unapima, na programu inachora mwelekeo kwa kuongeza sehemu ya kumi tu ya tofauti:

mwelekeo = mwelekeo + 0.1 * (uzito - mwelekeo)

Mstari huo ukishatulia unakwambia ukweli wote. Mimi nilianza na lengo la 1,750 na ile nusu ya mazoezi juu yake. Wiki ya kwanza niliitupa kwa sababu maji mengi hutoka mapema. Wiki nne zilizofuata mwelekeo ulishuka kilo 1.5. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700, kwa hivyo nakisi yangu halisi ilikuwa karibu 410 kwa siku. Nilikuwa nimepanga 500. Hizo 90 zimepotelea wapi? Labda saa, labda kijiko, labda mwili unafidia kama wa Wahadzabe. Na uzuri wa njia hii ni kwamba sihitaji kujua. Nikitaka 500, natoa 90 kwenye lengo na kuendelea. Nikiridhika na 410, naacha (nimeacha). Swali la kula au kutokula kalori za mazoezi linageuka kuwa namba moja inayosahihishwa kila mwezi, na kelele zote za zile kambi mbili zinaisha.

Nilipomaliza nikampigia mama kumpa jibu lake. Nikamwambia, kwa matembezi ya dakika 45 programu inakupa kalori 79, yaani robo ya chapati. Kimya. Halafu akasema, "Robo? Nani hukata chapati robo?"

Nikajaribu kumweleza habari za MET. Akanikatiza. Akaniuliza, kama robo ya leo haliwi leo, inaenda wapi? Nikasema haiendi popote, mwili haufungi hesabu saa sita usiku kama programu zetu. Akasema basi ataziweka kama fedha za chama: anatembea Jumatatu hadi Jumamosi, hali hata moja, na Jumapili baada ya kanisa anakula chapati moja yake kamili, na kinachobaki kinakuwa faida ya kikundi.

Nikapiga hesabu. 79 mara siku 6 ni 474. Chapati ni 300. Kikundi kinabaki na 174. Sikuwa na la kupinga, na usiku huo huo nikaongeza kitufe kipya kwenye programu, kinaitwa "weka akiba". Daktari wake naye alipoelezwa mpango huo hakuwa na neno, ila alisisitiza jambo ambalo nalirudia kwenu: mtu anayetumia insulini au vidonge fulani vya kushusha sukari asifuate hesabu za programu yoyote kuhusu kula na kutembea kabla ya kuongea na daktari, maana zoezi pia linashusha sukari na mtu anaweza kuzirai njiani.

Mpaka naandika haya mama ameshuka kilo 2.5 kwenye mwelekeo, na kipimo kingine cha sukari ni mwezi ujao. Binamu amerudi barabarani, kilomita 5 kwa sasa, na uzito wake umepanda hadi 57. Programu yenyewe bado ina mende kibao, kitufe cha githeri kinahesabu mahindi peke yake bila maharagwe, na nikipata nafasi wikendi hii nitakirekebisha.

Kwa leo nakomea hapa. Kama una lengo lolote la kalori kwenye simu yako, kabla hujalala lifungue uangalie lilitengenezwa kwa njia gani. Tukutane tena Mungu akipenda.